Kiflama na Sisi: Lugha ya Wamisionari Wetu

Wamisionari wengi walioleta Injili katika nchi yetu, toka Mpala mpaka Kirungu na Kalemie, walilelewa na mama waliosema Kiflama. Kwa lugha hiyo walijifunza Baba Yetu, na kwa lugha hiyo waliandikia wazazi wao barua. Lakini tukimwuliza leo mzee wa Kalemie atutajie maneno matatu ya Kiflama, hapana shaka atacheka. Kifaransa kimebaki shuleni na ofisini. Kilatini kimebaki katika nyimbo zetu kadha wa kadha. Kiswahili kimeenea kila mahali. Je, Kiflama kilipita wapi? Swali hili si la kupoteza wakati tu, maana siku hizi mapadri wa Kongo wanatumwa Ubelgiji, na wengine wao wanapewa parokia za Waflama. Wao sasa ndio wageni. Tutazame basi mambo ya zamani, tuone yanatufundisha nini.

I. Lugha iliyodharauliwa kwao

Kwanza tuelewe majina. Kiflama na Kiholanzi katika vitabu ni lugha moja; tofauti ni katika matamko na katika maneno ya vijijini. Watu milioni 24 hivi wanaisema kama lugha yao, katika Uholanzi, katika Ubelgiji wa kaskazini, na ng'ambo katika Suriname.

Ubelgiji ilipopata uhuru wake mwaka 1830, Waflama walikuwa wengi, lakini wakubwa walitawala kwa Kifaransa. Mahakama, jeshi, shule kubwa, vyote vilikuwa vya Kifaransa. Mtoto wa mkulima alisema Kiflama nyumbani. Akiingia seminari ndogo, alikuta masomo kwa lugha nyingine. Mwaka 1875, katika seminari ndogo ya Roeselare, wanafunzi walikataa kuimba nyimbo za Kifaransa katika sikukuu ya mkubwa wao. Jambo hilo lilijulikana katika nchi nzima ya Waflama. Sheria ya kusawazisha lugha mbili hizo ilitoka mwaka 1898 tu, na chuo kikuu cha Gent kilianza kufundisha kwa Kiflama peke yake mwaka 1930.

Karibu na Roeselare kuna kijiji cha Ardooie. Huko alizaliwa Victor Roelens mwaka 1858, ndiye askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu. Basi tujue hivi: watu waliokuja kutufundisha walitoka katika taifa lililoonja uchungu wa kudharauliwa kwa ajili ya lugha yake.

II. Wageni waliokaa chini kujifunza

Mapadri Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea boma la Mpala, lililojengwa na Kapiteni Storms miaka miwili mbele. Roelens alifika kando ya ziwa mwaka 1892, akawa askofu mwaka 1896, akafariki Baudouinville, yaani Kirungu, mwaka 1947.

Walikuta nini? Walikuta Watabwa, Waholoholo, Waluba na wengine, kila mmoja na lugha yake. Tena walikuta Kiswahili, kilichokwisha kufika kwa njia ya misafara ya biashara toka Zanzibar na Bagamoyo. Wangeweza kusema: ninyi jifunzeni lugha yetu. Hawakufanya hivyo. Walifundisha katekismu kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili. Padri Auguste Van Acker alikusanya maneno ya Kitabwa, na kamusi yake ikapigwa chapa mwaka 1907. Lakini angalieni: kamusi hiyo ni ya Kitabwa na Kifaransa, si ya Kitabwa na Kiflama. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Mbele ya watu walisema Kiswahili, mbele ya Serikali waliandika Kifaransa, na Kiflama kilibaki mezani, wao kwa wao.

Hata Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya zama hizi, aliyepewa upadri na Monsinyori Roelens mwaka 1917, aliandika makala yake juu ya roho na akili za Wabantu kwa Kifaransa. Na Padri Placide Tempels, Mflama wa shirika la Mtakatifu Fransisko, aliandika kitabu chake maarufu juu ya falsafa ya Wabantu kwa Kiflama. Walakini kilitangulia kutoka kwa Kifaransa, Elisabethville mwaka 1945, ndipo kikatoka kwa Kiflama mwaka 1946.

III. Lugha ilipokuja kwa amri

Sheria ya Kongo ya tarehe 18 Oktoba 1908 ilisema kwamba kila mtu yuko huru kutumia lugha atakayo, na kwamba Wabelgiji watakuwa na haki za lugha Kongo kama kwao. Amri za kutengeneza jambo hilo zilipaswa kutoka katika miaka mitano. Miaka mitano ikapita, na makumi ya miaka yakapita, mambo yakakaa vilevile.

Baada ya vita ya 1940-1945 Waflama walidai haki yao kwa nguvu zaidi. Ndipo Kiflama kilipoingia katika shule zenye mpango wa Ubelgiji, na vijana wetu waliopokewa humo walikikuta mbele yao. Wakongomani waliosoma walikataa. Walisema: mtoto amekwisha kujifunza lugha ya mama yake, na Kiswahili au Lingala, na Kifaransa, mbona abebeshwe mzigo wa nne kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine? Neno lao lilikuwa la haki. Waflama walidai haki kwa ajili yao wenyewe, lakini hawakumwuliza mwenyeji. Mwaka 1960 uhuru ulikuja, na Kiflama kikatoka shuleni pamoja na wenyewe.

IV. Zamu yetu

Kaoze alipokwenda Ubelgiji mwaka 1920, aliweza kusoma Misa katika altare yo yote, maana Kilatini kilikuwa kimoja. Tangu Mtaguso wa pili wa Vatikano, 1962-1965, Misa ya Waflama ni kwa Kiflama. Padri atokaye Kalemie na Kifaransa chake ataeleweka Bruxelles, na Liège pia. Lakini katika kijiji cha Waflama, mama mzee anayekufa ataungama kwa lugha gani?

Kazi ni ngumu, tusidanganyane. Sauti ya herufi g inakwaruza kooni. Ishirini na tano wao husema tano na ishirini. Kitendo mara nyingi hutupwa mwisho: "nataka kesho kanisani kwenda." Kila jina lina kitangulizi chake, "de" au "het", na lazima kukariri. Lakini sisi tuliozoea ngeli nyingi, tutashindwa na mbili? Tena wao hufanya kitu kiwe kidogo kwa kuongeza "-je" mwishoni, "huis" ikawa "huisje", kama sisi tunavyosema nyumba na kijumba. Wana "u" ya heshima na "jij" ya rafiki. Nasi tunajua kwamba mkubwa haitwi kama mwenzetu.

Mtego mkubwa ni mwingine. Mflama akisikia mgeni anajikwaa, kwa wema wake humjibu kwa Kifaransa. Mgeni akishukuru na kufuata, amekwisha kushindwa. Avumilie, aendelee kujikwaa kwa Kiflama, kama Waflama walivyojikwaa kwa Kiswahili mbele ya watoto wa Mpala, nao watoto wakacheka.

Wahenga walisema: Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Babu zetu walikataa Kiflama kilicholetwa kwa amri, na walifanya vema. Mwana wao anayekitafuta leo kwa ajili ya kondoo wake hawapingi. Anafanya kule kazi ileile aliyoifanya Van Acker huku. Basi ndugu waseminari, atakayepewa barua ya kwenda huko asifungashe Kifaransa peke yake. Aanze leo, maneno matano kila siku, na ya kwanza yawe Baba Yetu.