Redio iliyochelewa saa

Wadau, mnaikumbuka ile purukushani ya ving'amuzi? Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na asiye na king'amuzi akabaki kutazama chenga. Redio hazikuguswa. Wenzetu wa Norway ndio waliothubutu.

Redio ya dijitali wanayoitumia, DAB, ilianza kusukwa Ulaya mwaka 1987 chini ya mradi wa Eureka 147. Kufikia 1995 Norway na Uingereza walikuwa hewani. Ahadi ilikuwa tamu: hakuna mikwaruzo, hakuna kuzungusha kitufe, unachagua jina la kituo kwenye kioo. Tena masafa mamoja hubeba vituo vingi, wakati kwenye FM kila kituo kinataka masafa yake.

Sasa njoo sebuleni. Mawimbi ya FM yakidhoofika, redio inakwaruza lakini habari unaipata. Unasogeza antena kidogo, maisha yanaendelea. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango, sauti inabwabwaja kama maji yanayochemka, halafu kimya. Na ili vituo vingi vienee, sauti hubanwa. Uingereza baadhi ya vituo vya muziki vimewahi kurushwa kwa mono kwenye DAB. Muziki, jamani!

Kichekesho kingine ni saa. BBC imekuwa ikipiga milio sita ya kutambulisha saa tangu 1924. Kwenye FM inafika papo hapo. Kwenye DAB sauti lazima ifungwe kisha ifunguliwe, kwa hiyo milio huchelewa kwa sekunde kadhaa. Washa FM jikoni na DAB chumbani, utadhani nyumba ina mwangwi.

Norway walianza kuzima FM za kitaifa tarehe 11 Januari 2017 huko Nordland, wakamaliza tarehe 13 Desemba mwaka huohuo. Walikuwa na sababu: kuhudumia mitambo miwili katika nchi ya milima ni gharama. Vituo vidogo vya mitaani viliachwa FM. Lakini redio za zamani hazikupata tena vituo vya taifa bila kununua kifaa kingine, na usikilizaji wa kila siku ukashuka.

Ya kwangu iko juu ya friji, antena imeungwa kwa waya wa kutundikia nguo. Mvua ikinyesha inakwaruza, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku naisikia yote.