Farasi Hana Kinywa cha Kumshtaki Fundi

Mwaka 1356 meya wa London, Henry Pykard, aliwaita mafundi wote wa viatu vya farasi wa jiji lile. Malalamiko yalikuwa yamezidi. Watu wasioijua kazi walikuwa wamejifungulia viwanda vya uhunzi, wanashika kwato za farasi wa watu, wanajaribu hili na lile, na farasi wengi wameharibika mikononi mwao. Meya akaagiza mafundi wawe na wasimamizi kutoka miongoni mwao, watakaowajibika kwa kazi mbovu. Hicho ndicho chanzo cha chama cha mafundi hao, kilichokuja kupewa hati ya kifalme mwaka 1674 na bado kipo hadi leo.

Usione ni jambo dogo. London ya wakati ule bila farasi ni sawa na Kariakoo bila malori na bodaboda.

Tatizo lenyewe liko hivi. Ukwato ni kama ukucha wako: sehemu ya nje ni ngumu na haina hisia, lakini ndani yake kuna nyama hai, mishipa ya damu na mfupa. Msumari wa kiatu unatakiwa upite kwenye ile sehemu ngumu tu, utokeze pembeni, ukunjwe. Ukiingia ndani kidogo tu, farasi anaanza kuchechemea, na usaha unaweza kujikusanya humo ndani pasipo mtu kuuona. Halafu kuna ubovu wa polepole, ambao kwangu mimi ndio mbaya zaidi. Fundi mvivu ana kiatu kilichokwisha kutengenezwa, hakimkai farasi, basi badala ya kurudisha chuma motoni anachukua tupa na kuupunguza ukwato mpaka ufuate kiatu. Mwenye farasi anaona kazi safi, inang'aa, analipa. Madhara yanakuja miezi kadhaa baadaye, na ukuta wa ukwato unakua taratibu mno, kiasi cha mwaka hivi kutoka juu mpaka kufika chini kwenye ncha. Hapo nani atamkumbuka fundi?

Wagiriki wa kale hawakupigilia misumari. Xenophon, aliyeandika kitabu kizima juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mnunuzi aanze kukagua miguu, kama mtu anayekagua msingi wa nyumba, na uwanja wa zizi umwagiwe mawe ili kwato zikomae. Viatu vya chuma vya kupigilia vilienea Ulaya baadaye sana, katika Zama za Kati, na pamoja navyo akaja huyu fundi ambaye bila yeye safari haiendi.

Aliyethubutu kuuliza kama kiatu chenyewe kina madhara ni Bracy Clark, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa chuo cha utabibu wa mifugo kilichoanzishwa London mwaka 1791. Alifuatilia kwato za farasi walewale mwaka baada ya mwaka, akizichukulia sanamu za plasta, na mwaka 1809 akachapisha matokeo yake: ukwato hutanuka na kujirudi farasi anapokanyaga, na chuma kilichopigiliwa huubana mpaka ukasinyaa. Mafundi hawakufurahi. Mabishano hayo yanaendelea mpaka sasa.

Miaka mitatu baadaye likaja funzo la gharama kubwa kuliko yote. Juni 1812 Napoleon aliingia Urusi na jeshi kubwa lenye farasi wengi mno, na viatu vya njia za kiangazi. Msimamizi wa farasi wake, Armand de Caulaincourt, alikuwa amekaa Urusi miaka kadhaa kama balozi. Aliijua barafu yao. Akahakikisha farasi wa nyumba ya mfalme wanavikwa viatu vyenye meno ya kushika barafu. Jeshi lililobaki, sehemu kubwa, halikufanyiwa hivyo. Walipoondoka Moscow tarehe 19 Oktoba hali ya hewa ilikuwa bado nzuri. Novemba theluji ikaanguka, njia zikawa kioo. Farasi mwenye njaa anayekokota mzinga akiteleza, ananyanyuka. Akiteleza tena, hanyanyuki, na askari wanamla palepale. Desemba, kwenye kilima cha Ponary nje kidogo ya Vilnius, magari yaliyosalia yalishindwa kuupanda mteremko wa barafu, na sanduku za hazina ya jeshi zikaachwa hapo ziporwe.

Ndiyo, njaa na baridi viliua zaidi, na simsingizii fundi yeyote vita vile. Ila farasi wa Caulaincourt walipita katika baridi ileile, na kwa maelezo yake mwenyewe walinusurika kuliko wengine.

Sasa rudi London. Agizo la Pykard lilisubiri miaka 619 kuwa sheria ya nchi nzima. Ni mwaka 1975, malori yameshachukua kazi ya farasi, ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria inayotaka wapigiliaji viatu wasajiliwe. Asiyesajiliwa, akikamatwa, ana kesi. Madaktari wa mifugo wameruhusiwa, pia wanafunzi wa ufundi, na mtu anayetoa msaada wa dharura. Lakini sheria inamgusa anayeuandaa ukwato kwa ajili ya kiatu. Farasi asiyevaa kiatu, mtu yeyote bado anaweza kuchukua kisu na kumpunguza kwato.