Unga mweupe na mwanafunzi wa Tokyo

Wote tunajua jani linafanya nini ku jua: linapasua maji, linaachilia oksijeni, idrojeni linaitumia kutengeneza sukari. Je, mutu anaweza kupasua maji na jua bila jani?

Mu 1967, Akira Fujishima alikuwa mwanafunzi wa miaka 25 ku universite ya Tokyo, pamoja na mwalimu wake Kenichi Honda. Alitia ndani ya maji kipande cha dioksidi ya titani, akakiunga kwa waya na kipande cha platini, akawasha taa. Povu ikaanza kutoka: oksijeni upande wa titani, idrojeni upande wa platini. Wataalamu wengi hawakumuamini. Mu 1972 gazeti Nature likachapisha kazi yao. Mwaka uliofuata bei ya petroli ikapanda dunia nzima, njo watu wakaanza kuwasikiliza.

Lakini walipojaribu ku jua lenyewe, mita 1 ya mraba ilitoa litre 7 tu za idrojeni kwa siku moja ya joto. Juu ya nini kidogo vile? Jibu liko ku rangi. Dioksidi ya titani njo ule unga mweupe wanaotia ndani ya rangi ya kupaka nyumba. Ni mweupe juu unarudisha mwangaza tunaouona. Unakula tu ultravioleti, na hiyo ni kama 4 ao 5 ku 100 ya nguvu ya jua.

Basi wakatafuta unga wenye rangi. Sulfiri ya kadmiamu inakula mwangaza tunaouona, lakini inajiharibu yenyewe ndani ya maji. Mu 2006 kikundi cha Kazunari Domen, kulekule Japani, kikaonyesha unga wa manjano wa galiamu, zinki, azoti na oksijeni: ule ukapasua maji kwa mwangaza tunaouona. Mu 2021 Domen na wenzake wakatangaza paneli za mita 100 za mraba. Zilifikisha 0,76 ku 100 ya nguvu ya jua, na unga wake ulikuwa tena wa ultravioleti.

Miye niliyesoma agronomi, mambo hii inanigusa. Mbolea ya ure inatoka ku amonia, amonia inataka idrojeni, na idrojeni mingi ya leo inatolewa ku gazi ya chini ya udongo. Mulimaji wetu analipa ile gazi na safari yake ku kila mufuko. Unga wa rangi wenye nguvu ya kutosha, wenye kudumu, bado unatafutwa. Aliyeanza alikuwa na umri wetu.