Daftari za Parokia na Nasaba za Waskoti

Mtu atakaye kufuata nasaba ya jamaa ya Uskoti, akianzia kwa walio hai na kurudi nyuma, hupata njia iliyo wazi mpaka mwaka wa 1855. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo ndipo Serikali ilipoanza kuandikisha kila kizazi, ndoa na kifo, kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1854. Kabla ya hapo tegemeo kubwa ni daftari za parokia za Kanisa la Uskoti, ambamo makarani waliandika ubatizo, matangazo ya ndoa na maziko. Parokia hizo zilipata 900, na daftari iliyo kongwe kuliko zote ni ya Errol, katika Perthshire, iliyoanza mwaka wa 1553. Lakini yafaa kukumbuka kwamba waliotajwa humo hawakujiandika wenyewe. Aliyeandika ni karani, kwa lugha aliyoichagua na kwa tahajia aliyoipenda. Kwa hiyo uchunguzi wa nasaba ni uchunguzi wa lugha pia, na asiyelitambua hilo huweza kumpa mtu babu asiye wake.

Kanuni ya kwanza ni kutoka kwenye yajulikanayo kwenda kwenye yasiyojulikana. Hati ya kifo ya Uskoti, tangu mwaka wa 1855, hutaja baba na mama wa marehemu, na jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Mtu aliyefariki mwaka wa 1860 akiwa na umri wa miaka 80 huwa amezaliwa karibu na mwaka wa 1780. Basi hati yake yawaunganisha watu wa zama za sheria na wazazi wanaopatikana katika daftari za kanisa peke yake. Hata hivyo, maiti hajisemei. Huenda aliyetoa habari alikuwa mjukuu au jirani, ambaye hakupata kuwaona wazee hao. Hati kama hiyo ni ya kuaminiwa juu ya siku ya kifo kuliko juu ya majina ya wazazi.

Msaada mwingine ni desturi ya kuwapa watoto majina. Katika jamaa nyingi mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, na wa pili jina la bibi mzaa baba. Desturi hii yaonyesha pa kutafuta, lakini haithibitishi kitu, kwani haikufuatwa na wote. Tena yazidisha matata: ndugu wanne wakiwa na wana, huenda wakapatikana katika parokia moja binamu wanne wenye jina moja na umri uliokaribiana.

Kisha kuna yale yasiyoandikwa. Agizo la kuweka daftari lilitolewa na baraza la makasisi mwaka wa 1552, lakini parokia nyingi zilichelewa sana kulitimiza, hasa katika nchi za milimani na visiwani, na daftari nyingine zimepotea. Kati ya mwaka wa 1783 na 1794 kila jambo lililoandikwa lilitozwa kodi ya peni 3. Maskini wa parokia walisamehewa, lakini wazazi wengi waliona afadhali kutoandikisha kabisa. Waliojitenga na Kanisa hilo mara nyingi hawamo, na baada ya mfarakano wa mwaka wa 1843, uliozaa Kanisa Huru, idadi yao ilikuwa kubwa. Tangazo la ndoa laonyesha nia ya kuoana. Si ushahidi kwamba ndoa ilifungwa. Na mahali pengine kifo hujulikana tu kwa ada iliyolipwa kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa huenda baba yake asitajwe penye ubatizo, akatajwa katika kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, walikohojiwa wazazi wake.

Penye Kigaeli ndipo ugumu unapozidi. Katika lugha hiyo neno mac ni sawa na bin, na nic hutumika kwa binti. Mtu aliweza kujulikana kwa jina la baba na la babu yake, bila jina la ukoo lisilobadilika. Karani, akiandika kwa Kiingereza, alitafuta jina la Kiingereza lililoshabihi. Tormod akawa Norman. Gilleasbuig akawa Archibald. Somhairle akawa Samuel, ingawa majina hayo hayana asili moja. Mwanamke aitwaye Oighrig aliandikwa Effie, au Euphemia, na hata Africa. Msomaji atakayedhani kwamba huyo wa mwisho alikuwa na uhusiano na bara hili amedanganywa na kalamu ya karani. Tena mwanamke huyo mmoja huweza kuonekana kwa jina moja katika ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, na kwa jina jingine katika ubatizo wa mtoto wa tatu.

Mfano mzuri ni wa jamaa ya David Livingstone, msafiri ajulikanaye sana Unguja na Ujiji, aliyezaliwa Blantyre mwaka wa 1813. Baba yake, Neil, alizaliwa katika kisiwa cha Ulva, penye wasemaji wa Kigaeli, na aliliandika jina la ukoo bila herufi e ya mwisho. David mwenyewe aliandika hivyo kwa miaka mingi. Huko Argyll jina Livingstone lilishika mahali pa jina la Kigaeli, Mac an Lèigh, ambalo hufasiriwa kuwa mwana wa tabibu. Basi atafutaye tahajia moja tu ya Livingstone atawakosa wazee wenyewe. Lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1857 msafiri huyo alieleza kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za wazee wake wa vizazi sita. Aliandika pia kwamba baba wa babu huyo aliuawa katika vita vya Culloden, vilivyopiganwa mwaka wa 1746.

Hapo daftari na kumbukumbu hukutana. Kumbukumbu ya mzee hushika mfuatano wa watu, lakini mara nyingi huacha tarehe; daftari hushika tarehe, lakini hubadili majina na kuwaacha maskini, waliojitenga na wasio na ndoa. Mchunguzi mwaminifu huviweka vyote viwili mbele yake, akauliza juu ya kila jina: ni nani aliyelitamka, ni nani aliyelisikia, na kwa lugha gani liliandikwa? Maswali hayo matatu yakikosa jibu, yampasa kuacha nafasi wazi katika shajara. Nafasi iliyo wazi yaweza kujazwa baadaye na mwingine; babu wa uongo, akiisha kuandikwa, huzaa wajukuu wa uongo.