Saa ya Nairobi katika Daftari la Kompyuta

Saa ambayo kompyuta huionyesha usoni mwake siyo ile inayoihesabu ndani. Ndani yake, katika mashine zilizoundwa kwa kufuata mfumo wa Unix, mna hesabu moja tu, nayo ni ya sekunde zilizopita tangu kuingia kwa tarehe 1 Januari, 1970, kwa saa ya Greenwich. Hesabu hiyo ni ile ile, mashine iwe Lamu au iwe London. Ili mtu wa Lamu aisome saa yake, hapana budi programu iongeze saa tatu. Na ili ijue kwamba ni tatu, wala si mbili na nusu, hapana budi iwe imeambiwa. Kompyuta basi haiijui saa ya mahali kwa kulitazama jua, bali kwa kusoma maandishi ya watu. Maandishi hayo yana historia yake, na kwa upande wa Afrika ya Mashariki historia hiyo ilikuwa na makosa kwa muda wa miaka mingi.

Hapo kwanza, katika miaka ya 1970, tofauti ya saa ilitiwa ndani ya mfumo wa Unix wenyewe: dakika kadha wa kadha magharibi ya Greenwich, pamoja na alama ya kuonyesha kama desturi ya Marekani ya kusogeza saa wakati wa kiangazi yafuatwa au haifuatwi. Baadaye ukaingia utaratibu wa kuiandikia programu neno fupi, liitwalo TZ, lenye jina la saa na tofauti yake. Kwa utaratibu huo saa ya Afrika ya Mashariki huandikwa EAT-3. Alama hiyo ya kutoa humtatiza kila aionaye mara ya kwanza, kwani Mombasa iko mbele ya Greenwich, si nyuma. Sababu ni kwamba hesabu ilipangwa kwa kuelekea magharibi, ambako ndiko waliko Wamarekani walioipanga, na walio mashariki ikawapasa kuhesabiwa kinyume.

Ila kubwa ya neno hilo ni kuwa halina kumbukumbu. Lajua tofauti ya leo, nalo huitumia kwa jana na juzi kana kwamba serikali hazikupata kubadili neno. Ili kuondoa ila hiyo, Arthur David Olson, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi za taifa za afya huko Maryland, Marekani, alianzisha mwaka 1986 daftari la kanda za saa, ambalo ndani yake kila mahali huandikwa pamoja na mabadiliko yake yote yanayojulikana. Paul Eggert akaliendeleza. Kanda hazikuitwa kwa majina ya nchi bali kwa majina ya miji, kwa kuwa dola hugawanyika na kubadili majina, ilhali mji aghalabu hudumu. Hivi ndivyo lilivyopatikana jina la Africa/Nairobi. Programu ya siku hizi hutazama kwanza kama imepewa neno la TZ. Isipolipata hulifungua faili la saa ya mahali, ambalo mara nyingi si zaidi ya kiungo kinachoelekeza kwenye faili la mji fulani. Na lisipokuwapo hilo pia, husema saa ya Greenwich. Simu za mkononi nazo hulitegemea daftari hilo hilo.

Habari za kale ziliingiaje katika daftari hilo? Kwa sehemu kubwa zilichukuliwa katika atlasi ya Thomas Shanks, iliyotungwa kwa ajili ya wanajimu, kwani mnajimu hawezi kupiga falaki ya mtu asiyejua hasa alizaliwa saa ngapi. Si jambo la kucheka, maana palikuwa hapana watu wengine waliojitahidi kuzikusanya saa za dunia nzima. Mwaka 2011 kampuni iliyodai haki ya atlasi hiyo iliwashtaki watunza daftari, na mwezi wa Februari, 2012, mashtaka yakaondolewa. Tangu Oktoba, 2011 daftari limo katika amana ya shirika la ICANN.

Atlasi ilisema kwamba Nairobi ilitumia saa ya jua lake, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 2 dakika 27 na sekunde 16, mpaka 1928. Kisha saa tatu kamili. Kisha, tangu 1930, saa mbili na nusu. Kisha, tangu 1940, saa mbili na dakika 45. Hata ilipofika 1960 ikarudi kwenye tatu. Maneno hayo yalikubaliwa na kompyuta za dunia yote. Mwishoni mwa 2020 tu ndipo yaliposahihishwa, baada ya mtu mmoja kuyapekua magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni. Humo ilionekana kuwa saa mbili na nusu iliamriwa tangu Mei, 1908. Kwamba saa zilisogezwa mbele nusu saa mwishoni mwa Juni, 1928, zikarudishwa nyuma Januari, 1930. Kwamba robo saa iliongezwa mwishoni mwa 1936. Na kwamba robo ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa Julai, 1942, kwa kanuni za ulinzi wakati wa vita, wala si 1960. Kwa hiyo mwanahistoria aliyeiuliza kompyuta saa ya Nairobi siku ya 20 Oktoba, 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, alijibiwa kwa kosa la robo saa, na asingekuwa na njia ya kulitambua.

Dar es Salaam haikupata bahati ya kupekuliwa hivyo. Zamani ilikuwa na mstari wake katika daftari: saa ya jua, yenye saa 2 dakika 37 na sekunde 8, mpaka 1931, saa tatu mpaka 1948, saa mbili na dakika 45 mpaka 1961, kisha tatu tena. Mwaka 2014 mstari huo uliondolewa katika daftari kuu, pamoja na ile ya Kampala, Mogadishu, Addis Ababa, Antananarivo na mingineyo, na majina hayo yote yakafanywa viungo vya Nairobi. Hoja ya watunzaji ni kwamba miji ambayo saa zake zimekuwa moja tangu 1970 haihitaji zaidi ya faili moja, na kwamba habari za kabla ya hapo zilikuwa dhaifu. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo matokeo yake ni ya ajabu: programu ikiulizwa habari za Dar es Salaam mwishoni mwa 1908, hujibu kwa amri ya Waingereza wa Nairobi, na hali mji ulikuwa chini ya Wadachi. Mistari ya zamani imehifadhiwa katika faili la kando, lisomwalo na wale tu waliochagua kuliingiza.

Limesalia jambo ambalo daftari halina mahali pake, nalo ni saa ya Kiswahili. Saa hiyo hupishana na saa ya serikali kwa saa sita, na kwa desturi ya pwani siku huanza jua lichwapo, hata usiku unaoingia baada ya Alhamisi ukaitwa usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu, kanda inayoifaa ni ile iliyo mbele ya Greenwich kwa saa tisa. Kanda hiyo imo daftarini. Mtu wa Lamu akiiambia kompyuta yake kwamba iko Tokyo, saa moja ya asubuhi itaandikwa moja, na tarehe itageuka saa kumi na mbili ya jioni, Alhamisi ikawa Ijumaa wakati wa magharibi.