Mazembe kabla ya Internacional: hesabu ya Desemba 2010

Jumanne tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipambana na Internacional ya Porto Alegre, Brazili, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kila mtoto wa Kamalondo anajua jinsi mechi ile ilivyokwisha: 2-0, na kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ikaingia fainali. Tangu siku ile watu wengi huita ushindi huo muujiza. Lakini mtu aliyeketi usiku wa tarehe 13 na kupima timu zote mbili, nguvu upande huu na udhaifu upande ule, angeona kwamba Makunguru hawakuwa wanyonge kama walivyodhaniwa.

Tuanze na udhaifu, maana ndio uliozungumzwa zaidi. Trésor Mputu hakuwepo. Huyu ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mwaka 2009 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Yeye na Guy Lusadisu walifungiwa na FIFA miezi 12 baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika mechi ya Kombe la Kagame mjini Kigali, Mei 2010. Timu ilikuwa imezoea kumtafuta Mputu kila mambo yalipokuwa magumu, na sasa ilibidi itafute njia nyingine.

Udhaifu wa pili ni wa zamani: nyumbani simba, ugenini mashaka. Timu hii, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao ya Saint-Boniface, ilicheza fainali nne za Afrika mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970, na kuchukua mbili za kwanza. Katika fainali ya 1968, ikiitwa bado Englebert, iliifunga Étoile Filante ya Togo 5-0 nyumbani, halafu ikafungwa 4-1 kule Lomé. Mwaka 2010 mabao matano yalirudi: Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0 Lubumbashi, na mechi ya marudiano ikawa 1-1. Tena, aliyepima vizuri hakusahau kwamba Espérance walicheza sehemu kubwa ya mechi ile ya kwanza wakiwa kumi, baada ya mwenzao kupewa kadi nyekundu. Kwa hiyo, 5-0 peke yake haikuwa kipimo cha kutegemea mbele ya Wabrazili.

Udhaifu wa tatu ulionekana mwaka mmoja kabla, palepale Abu Dhabi. Desemba 2009 Mazembe ilitangulia kuifunga Pohang Steelers ya Korea ya Kusini, kisha ikaachia mechi na kupoteza 2-1. Baadaye ikafungwa 3-2 na Auckland City ya New Zealand, ikarudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Timu ilijua kufunga. Kulinda bao ndiko kulikoishinda.

Upande wa pili walikuwepo mabingwa wa Amerika ya Kusini. Internacional walishalichukua kombe hili mwaka 2006 kwa kuifunga Barcelona 1-0. Walikuwa na Andrés D'Alessandro, Muajentina mwenye mguu wa kushoto unaofungua ukuta wowote. Lakini nao walikuwa na kasoro yao: ratiba iliwaingiza moja kwa moja kwenye nusu fainali, kwa hiyo hii ilikuwa mechi yao ya kwanza mashindanoni. Mazembe walikuwa wameshacheza moja.

Na mechi hiyo moja ndiyo iliyokuwa na habari kubwa. Tarehe 10 Desemba, Mbenza Bedi aliifunga Pachuca ya Meksiko katika dakika ya 21. Baada ya hapo Mazembe walilinda bao hilo karibu dakika 70, mechi ikaisha 1-0. Kosa la 2009 lilikuwa limetengenezwa. Kocha Lamine N'Diaye, Msenegali aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya nchi yake, alikuwa na timu iliyojua kusubiri: kapteni Mihayo Kazembe katikati, Kasusula na Kimwaki nyuma, na golini Robert Kidiaba. Dunia ilikuja kumcheka Kidiaba kwa namna alivyosherehekea akirukaruka kwa makalio, lakini washambuliaji waliokutana naye hawakucheka.

Basi mechi ikaenda kama hesabu hiyo ilivyoonyesha. Wabrazili walishambulia, Kidiaba akazuia. Dakika ya 53 Mulota Kabangu akafunga. Sasa Mazembe walikuwa na bao la kulinda, kazi waliyoijua tangu mechi ya Pachuca. Dakika ya 85, Internacional wakiwa wamejaa mbele kutafuta kusawazisha, Dioko Kaluyituka akaongeza la pili.

Lakini hesabu ileile ilikuwa na upande wa pili, nao ulionekana Jumamosi tarehe 18. Inter Milan, mabingwa wa Ulaya, hawakusubiri. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17. Timu ambayo nguvu yake ilikuwa kutangulia na kulinda ikajikuta nyuma kwa mabao mawili kabla ya dakika ya 20, na hapo ndipo pengo la Mputu lilipoonekana wazi kuliko siku zote. Biabiany akamaliza kwa la tatu. Kaluyituka alipewa tuzo ya mchezaji wa pili kwa ubora katika mashindano, nyuma ya Eto'o.

Hadi leo Lubumbashi, siku moja kabla ya Mazembe kukutana na Lupopo, mabishano huanza kwa majina: nani yupo, nani ameumia, nani amefungiwa. Majina yana maana yake, na fainali ya tarehe 18 ilithibitisha hivyo. Ila mwaka 2010 jina kubwa kuliko yote halikuwepo, na Internacional walifungwa. Mwenye kupima timu vizuri huuliza pia swali la pili: kosa lililoiangusha mara ya mwisho limetengenezwa au bado? Kwa Mazembe, jibu lilikuwa limetolewa tarehe 10, mbele ya Pachuca, kwa kila aliyetaka kuliona.