Nani Ashike Kisu: Historia ya Upasuaji na Mafunzo Yake Afrika ya Mashariki

Mwaka wa 1879, mahali paitwapo Kahura katika milki ya Bunyoro, iliyo Uganda ya leo, msafiri wa Kiingereza Robert Felkin, aliyekuwa angali akisomea utabibu, alimwona mganga wa kienyeji akimpasua tumbo mwanamke aliyeshindwa kujifungua, akamtoa mtoto hai, na mama naye akasalimika. Pombe ya ndizi iliyomlewesha mgonjwa ndiyo iliyotumika kuoshea mikono ya mganga na mahali pa kukatwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa sindano saba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti, na baada ya siku 11 lilikuwa limekwisha kupona. Hayo yalitendeka miaka 12 tu tangu Joseph Lister atangaze huko Uingereza njia yake ya kuosha vidonda kwa kaboliki. Felkin alipoyaandika mwaka wa 1884, ilikuwa dhahiri kwamba mikono ile iliyofanya kazi kwa utaratibu na pasipo kusita haikuwa ikijaribu jambo geni.

Serikali ya kikoloni haikuijenga elimu yake juu ya msingi huo. Mafunzo ya utabibu yalipoanza Makerere mwaka wa 1924, wahitimu wake walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni wasaidizi wa madaktari wa Kizungu, na aghalabu mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa ilimlazimu aifuate hospitali kubwa, kama alikuwa na nguvu na nauli ya kumfikisha. Mwaka wa 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees waliigeuza safari hiyo kwa kuanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege, wakawa wao ndio wanaowaendea wagonjwa waliokaa mbali. Lakini ndege ilipoondoka, aghalabu ujuzi nao uliondoka pamoja nayo.

Baada ya uhuru, Tanzania, iliyokuwa na madaktari haba na wilaya nyingi, iliwachukua watumishi wa tiba waliokwisha kuzoea kazi, ikawaongezea masomo, ikawapa idhini ya kupasua wakiwa madaktari wasaidizi. Walikuwapo waliohofia kwamba usalama wa mgonjwa umeuzwa kwa bei rahisi. Hata hivyo, uchunguzi wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliotangazwa mwaka wa 2009 haukuona tofauti ya maana baina ya matokeo ya upasuaji wa uzazi uliofanywa nao na yale ya madaktari wenye shahada.

Hata mafunzo ya ubingwa yalilazimika kubadili makao yake. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1999 na chenye makao Arusha, hakikujenga kumbi za mihadhara, bali kilizikubali hospitali zenyewe kuwa madarasa, mwanafunzi akabaki akihudumia wagonjwa wa nchi yake huku akiandika kila upasuaji alioufanya au kusaidia, hata siku ya mtihani ambao ni mmoja kwa nchi zote wanachama.

Badiliko lililoigusa zaidi heshima ya mpasuaji, hata hivyo, lilikuwa karatasi moja yenye vipengele 19. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa 8 duniani zilizoijaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huwataka wote waliomo chumbani wasimame kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya mkato, na kabla ya mgonjwa kuondolewa, waulizane kwa sauti yale ambayo zamani kila mmoja alidhani mwenziwe anayajua. Katika hospitali hizo 8 kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mwaka wa 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawaufikii upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu. Kuongeza mikono ishikayo kisu ni wajibu usio na shaka. Lakini fundisho la Ifakara ni kwamba mpasuaji wa leo, pamoja na ustadi wa mkono, hana budi kufunzwa kumsikiliza muuguzi amwambiapo asimame, na muuguzi naye afunzwe kulisema neno hilo bila ya hofu.